Nyumba Njema Si Mlango

Hotuba hii ilitolewa Lamu baada ya sala ya alasiri, mbele ya wakazi wa Mkomani na Langoni pamoja na wageni kutoka Mokowe, Matondoni na kisiwa cha Pate. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya waliokosa kufika, na hasa kwa wale walioshindwa kutoka nyumbani kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwashikia mgonjwa.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na kwa ndugu zetu wasiokuwa Waislamu, mliovuka maji kutoka Hindi na Mpeketoni kule bara kuja kutusikiliza, nawapa mkono wa karibu.

Masheikh wangu, wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi wanangu mliosimama kule nyuma penye ngazi, kabla sijaendelea nawaomba jambo moja. Kila mmoja wenu amfikirie mtu mmoja ambaye angekuwa hapa leo na hayupo. Simzungumzii aliye safarini. Namzungumzia yule ambaye nyumba yake ni mwendo wa dakika tano kutoka tulipo, aliyelisikia tangazo likipita kichochoroni, naye akashindwa kutoka kwa sababu ndani mna mzee asiyeweza kuachwa peke yake hata kwa muda wa kuchemsha chai. Mnamjua? Nina hakika mnamjua. Mara ya mwisho mlipiga hodi kwake lini?

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nadhani hakuna mji unaopaswa kuisikia methali hii kwa makini kuliko mji wetu, kwa maana wageni hutoka mbali kuja kuitazama milango ya Lamu, wakasimama mbele ya nakshi, wakapiga picha, wakaenda zao. Wao ni wageni, hatuwalaumu. Lakini sisi tuliozaliwa humu, tunaojua kila nyumba ni ya nani na kila ngazi inapanda kwenda wapi, nasi pia tumeanza kuishia mlangoni. Tunapita, tunauliza, "Mama hajambo?", tunajibiwa, "Hajambo, twashukuru," nasi tunaendelea na safari zetu za sokoni. Mimi nilikuwa ndiye huyo anayejibu "twashukuru". Nilikaa nyuma ya mlango kama huo miaka sita, kwa hiyo najua neno hilo linaficha nini.

Mama yangu alipatwa na kiharusi alfajiri moja, akiwa ameinuka kutawadha. Upande wake wa kulia ukapooza na ulimi ukawa mzito. Tulikuwa ndugu watano, watatu wa kiume na wawili wa kike, na nataka mlisikie vizuri hili: hakuna kikao kilichokaliwa kuamua nani atamtazama mama. Hakuna aliyeulizwa wala aliyeteuliwa. Nyote mnajua ada zetu. Katika nyumba zetu za mawe mtoto wa kike akiolewa hupewa nyumba, au hujengewa ghorofa juu ya wazazi wake, na mume ndiye anayekuja. Ada hiyo imewalinda wanawake wa mji huu kwa vizazi vingi na sitaki ipotee. Lakini imeacha mazoea ya kudhani kwamba aliyepewa nyumba amepewa na wagonjwa wote watakaolala ndani yake. Mimi nilikuwa nikiishi ghorofa ya juu, mama chini. Basi likaisha. Ndugu zangu wakarudi Mombasa na kwingineko walikokuwa wakitafuta riziki, wakaniambia maneno mazuri mno: "Wewe ndiwe mwenye bahati. Radhi zote utazichukua wewe."

Je, ni wangapi hapa wameambiwa maneno hayo?

Ndugu zangu, radhi ya mzazi ni hazina, na mimi siibadilishi kwa kitu chochote cha dunia. Lakini radhi haimgeuzi mgonjwa ubavu saa nane ya usiku. Radhi haifui mashuka. Na kumwombea dua mtu anayeuguza, ilhali una mikono miwili mizima na saa moja ya kukaa bure kwenye baraza, ni kumpa sehemu ndogo ya haki yake na kubaki na sehemu kubwa.

Niruhusuni niwaeleze usiku wa mtu anayeuguza, kwa sababu mchana wake mnauona, au mnadhani mnauona. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, ama sivyo ngozi iliyobanwa baina ya mfupa na godoro hukosa damu na kuanza kufa. Hayo sikuyajua mwanzo. Nilifundishwa na muuguzi mmoja aliyekuja kumtazama mama, akanionyesha kisigino chake: palikuwa na alama yenye upana wa sarafu, ngozi imebadilika rangi na kuwa na moto, na ukiibonyeza kwa kidole rangi haiondoki. Akaniambia, "Dada, hiki ni kidonda ambacho bado hakijafunguka." Tangu siku hiyo nikawa natandika shuka iliyokunjwa mara mbili chini ya kiuno cha mama. Ukifika wakati, hupiga goti moja kitandani, nikaishika shuka kwa mikono yote miwili karibu na mwili wake, nikamvuta taratibu kuelekea kwangu hadi alale ubavu, nikampachika mto mgongoni, mwingine baina ya magoti, na kitambaa laini chini ya kifundo cha mguu ili kisigino kielee. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Nilikuwa peke yangu. Mgongo wangu mpaka leo unakumbuka.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba duniani kuna watu zaidi ya milioni 55 wanaoishi na ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na akili, kwamba jamaa na marafiki wanaowatazama hutumia kwa wastani saa tano kila siku katika kazi hiyo, na kwamba asilimia 70 ya saa hizo hutolewa na wanawake. Saa tano kila siku, bila Ijumaa, bila Idi. Kazi gani nyingine tunayoijua inayofanywa kwa saa hizo, miaka nenda miaka rudi, bila mtu hata mmoja kuuliza anayeifanya alipumzika lini?

Sasa nitawaambia jambo ambalo nimelibeba kwa muda mrefu, nami nalisema mbele ya watu kwa sababu najua haliko kwangu peke yangu.

Mnaijua nyote aya ya Qur'ani inayotukataza, wazazi wetu wanapofikia uzee nao wako kwetu, tusiwaambie hata "uff", ile sauti ya kuchoshwa. Nimeisikia tangu nilipokuwa chuoni nikiwa mtoto, na nikawafundisha wanangu. Usiku mmoja wa kaskazi, umeme umekatika, joto limejaa chumbani, nilikuwa nimebadilisha shuka za mama mara tatu tangu isha. Mara ya nne nilimkaripia mama yangu mzazi. Sikuishia kwenye "uff". Nilisema maneno ambayo siyarudii hapa. Akanitazama, mdomo ukahangaika kidogo kutafuta njia, akaniambia, "Nisamehe, mwanangu." Yeye ndiye aliyeniomba mimi msamaha! Nilitoka nikakaa kwenye ngazi hadi adhana ya alfajiri.

Nimeifikiria aya ile miaka mingi tangu usiku huo. Haikutukataza uff kwa wazazi vijana wenye nguvu. Imetaja uzee kwa jina, na imetaja kuwa nao, kukaa nao. Mwenyezi Mungu aliyetuumba alijua pale ndipo mwanadamu huchoka, na ndipo ulimi humponyoka. Basi mimi nauliza: ikiwa sote tunataka wazee wetu wasiambiwe uff, ni nani mwenye wajibu wa kuhakikisha kwamba yule anayekaa nao amelala? Ni yeye peke yake? Ama ni sisi sote tunaomzunguka?

Shirika hilohilo la Afya linasema kwamba karibu mtu mmoja katika kila sita wenye umri wa miaka 60 au zaidi amepatwa na namna fulani ya udhalimu katika mwaka mmoja, wakiwa majumbani na mitaani, si katika makao ya kutunzia wazee. Simtetei anayempiga mzee, anayemfungia, wala anayekula fedha zake. Huyo afikishwe mbele ya sheria, hata akiwa ndugu yangu. Lakini baina ya dhalimu na mwema wako wengi waliochoka tu, na hao tunaweza kuwaokoa kabla hawajawa kitu kingine. Kumsaidia anayeuguza ni kumkinga mzee mwenyewe. Naomba mlishike hilo. Kumsaidia anayeuguza ni kumkinga mzee mwenyewe.

Jambo la pili ninalotaka kulisema ni elimu, na hapa pia nitaanza na kosa langu.

Katika mwaka wa tatu wa ugonjwa nilianza kumpunguzia mama maji. Si kwa ubaya. Nilihesabu hivi: akinywa kidogo atakojoa kidogo, nami nitalala kidogo. Naye hakulalamika, kwa kuwa mtu akizeeka kiu yake hupungua na hujisahau. Baada ya siku kadhaa mama akaanza kuzungumza na watu waliokufa. Akamwita marehemu dada yake, akanitazama mimi akaniuliza ni mtoto wa nani. Akawa anachachawa usiku kucha, analala mchana. Jirani mmoja, mtu mwema aliyetupenda, akanishauri nimtafute mtu wa kumsomea, kwa sababu mama "ameguswa". Mwingine alisema kwa sauti ya chini zaidi kwamba huenda mama mwenyewe ana jambo lake la zamani linalomrudia.

Nashukuru kwamba yule muuguzi alipita kabla sijafuata njia hizo. Aliutazama ulimi wa mama, mkavu kama gome, akaivuta ngozi ya kifuani kidogo, akauliza habari za mkojo: rangi yake, harufu yake. Ilikuwa ni ukosefu wa maji na maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa mzee, maradhi hayo yanaweza yasilete homa kali wala maumivu ya kueleza. Yakaanza kwa kuichanganya akili. Akaandikiwa dawa, nami nikamnywesha maji kwa kijiko, kidogo kidogo, kutwa nzima. Haikupita wiki mbili mama akanijua tena na kuniuliza kwa nini nimekonda.

Ni wazee wangapi wamechanganyikiwa kwa kukosa maji tukasema ni jini? Ni wangapi waliosahau majina ya watoto wao, wakatoka usiku wakitafuta nyumba waliyoishi miaka hamsini iliyopita, wakasema maneno yasiyoeleweka, nasi tukanong'ona? Usahaulifu wa namna hiyo ni maradhi ya ubongo. Si laana, si malipo, si uchawi. Kama mabadiliko yamekuja ghafla, kwa siku mbili tatu, mpeleke mzee akaangaliwe mara moja, maana huenda sababu ni kitu kinachotibika. Kama yamekuja polepole kwa miaka, mpeleke vilevile, ili mjue mnatembea na nini.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya majirani zetu wa kusini. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine wakikatwa kwa mapanga majumbani mwao, na mara nyingi mvi tu na macho mekundu yamefanywa kuwa ushahidi, ilhali nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa shamba. Wako waliokimbilia Kaya Godoma huko Ganze, mahali palipogeuzwa kimbilio la wazee waliotuhumiwa. Watu waliopaswa kuzungukwa na wajukuu wanajificha wasiuawe na wajukuu. Na ni nani aliyewainua Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913? Ni Mekatilili wa Menza, mjane, mwanamke mtu mzima, aliyesimama mbele ya watu wake akasema, nao wakamsikiliza. Sanamu yake imesimama Malindi, watu hupiga picha mbele yake. Leo katika kaunti hiyohiyo ajuza anaogopa kuota mvi! Tusijidanganye kwamba ni mambo ya Ganze tu. Ule mnong'ono niliousikia kuhusu mama yangu ulisemwa hapa Lamu, ndani ya kichochoro chetu.

Ndugu zangu, nije kwenye haki, kwa sababu mwaka hata mwaka tunaambiwa kwamba mzee ni wa familia, na maneno yanaishia hapo.

Kifungu cha 57 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinawataja wazee, na Katiba hiyo inamhesabu kuwa mzee mtu aliyepita umri wa miaka 60. Kinasema Serikali itachukua hatua za kuhakikisha haki zao: kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia na Serikali. Nimewasomea wazee wengi maneno hayo, nami husimama kila nikifika kwenye neno la herufi mbili karibu na mwisho. Familia *na* Serikali. Haikuandikwa "familia ama Serikali". Haikuandikwa "familia, na ikishindwa, Serikali". Ni neno dogo, lakini ndani yake mna haki ya kila mama aliyelala kitandani leo, na ya kila binti aliye pembeni ya kitanda hicho.

Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwapa wazee fedha, ipo, na ni jambo la kushukuriwa. Tangu mwaka 2018 mpango huo unawahusu wazee wote wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Nimeona fedha hizo zikinunua dawa ya presha na mkebe wa maziwa. Lakini Katiba inaanza kuhesabu baada ya 60 na mpango unaanza 70. Miaka hiyo kumi ya katikati nani anaisimamia? Na fedha zikichelewa miezi, duka la dawa halichelewi kudai.

Nilimsindikiza siku moja mama mmoja wa makamo ya mama yangu, msusi wa mikeka maisha yake yote, kwenda kuchukua haki yake. Tulifika mapema. Akaweka kidole cha shahada kwenye mashine, mashine ikakataa. Akaweka cha gumba, ikakataa. Akajipangusa kwa leso yake, akajaribu vyote kumi, kimoja baada ya kingine, watu wakiwa nyuma yake kwenye foleni. Alama za vidole zilikuwa zimelika. Ukindu ulikuwa umezila kwa miaka sitini. Kijana aliyehudumu hakuwa na ubaya, aliniambia tu, "Mashine haimtambui, mama." Yule bibi akakitazama kiganja chake kama anayekiona kwa mara ya kwanza, akauliza, "Kwani mimi ni nani basi?"

Tulirudi mara tatu ndipo akalipwa. Yeye ni wa hapahapa mjini. Je, wa Kizingitini? Je, wa Kiunga? Mgonjwa wa kisiwa cha Pate huvuka bahari kuifuata hospitali kubwa, naye hushushwa kwenye boti maji yakiwa yamekupwa, ngazi ya gati imeota utelezi wa kijani, vijana wawili wamekibeba kiti na mzee juu yake, na binti yake nyuma ameshika mfuko wa dawa kwa meno ili mikono iwe huru. Anayepanga huduma akiwa ofisini Nairobi huhesabu kilomita. Sisi twahesabu maji kujaa na maji kupwa. Wawakilishi wetu wa wadi walioko hapa leo, tunawaomba mlipeleke jambo hili kwenye bunge la kaunti kwa maneno hayahaya: mzee asiyeweza kusafiri afuatwe aliko, awe ni wa kulipwa, wa kusajiliwa ama wa kutibiwa. Isemeni hivyo bajeti inapojadiliwa, msingoje sherehe.

Kuhusu bima mpya ya afya, SHA, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, nasema kwa ufupi tu: hakikisheni wazee wenu wamesajiliwa, kwa sababu huduma za msingi za zahanati na vituo vya afya humfikia aliyesajiliwa, na usajili unataka simu ambayo mzee hana. Vijana, hiyo ni kazi ya robo saa. Ifanyeni.

Na sasa ninyi, watu wa mji. Nimekuja kuwaomba kitu, na najua mnakiweza kwa kuwa nimewaona mkikifanya.

Mtu akifa hapa, mambo huendaje? Kabla jua halijapanda, mikeka imeshatandikwa kichochoroni. Mmoja ameleta sufuria, mwingine mchele, mwingine ameshakwenda kuchimba kaburi bila kuambiwa. Hakuna anayemwuliza mfiwa, "Je, wahitaji msaada?" Tunajua kwamba anauhitaji. Zamu zinajipanga, wanawake kwa wanaume, wala hakuna mwenye daftari. Nyumba ya mama yangu ilijaa siku aliyofariki. Watu walikuwa wema, nami nawashukuru hadi leo. Lakini nilikaa katikati ya macho ya watu wale nikijiuliza: hawa wote walikuwa wapi jana? Walikuwa wapi miaka sita? Mngenipa nusu saa ya kila mmoja wenu aliyekula wali siku ile, ningelala usingizi mzima kila wiki mpaka mwisho wa uhai wake.

Mwaka 1987 hapa mjini petu kilifunguliwa kituo cha kutibu punda bila malipo, kwa sababu wako waliouona mgongo wa punda una vidonda na wakaona haifai. Ni jambo jema kabisa. Punda hupita barabarani kila siku, kidonda chake kinaonekana. Kidonda cha mgongo wa anayeuguza kiko ndani. Hakitaonekana hadi mtu apande ngazi.

Basi ninachoomba ni zamu. Kila mtaa ujue nyumba zake zenye mzee asiyejiweza, na kila nyumba ipate watu wanne au watano, ambao kila mmoja atatoa saa mbili kwa wiki. Saa mbili za kukaa na mzee, kumnywesha maji, kumsikiliza akirudia hadithi ileile ya safari ya jahazi, ili mwenye nyumba aende hospitali kujipima presha yake mwenyewe, au aende harusini, au alale tu. Kulala si uvivu. Nawaomba sana mama zangu, mkifika mkamkuta binti amelala, msimseme.

Wanaume, siwasahau. Mzee wa kiume anaona haya kuogeshwa na mkwewe au mjukuu wake wa kike, na huyo anayemwogesha anaona haya zaidi, lakini wote wananyamaza kwa kuwa hakuna mwanamume aliyejitokeza. Mnaoketi barazani baina ya alasiri na magharibi, wawili kati yenu wanatosha kumwogesha mzee wa mtaa mara mbili kwa wiki. Mmewaosha wazee waliokufa kwa ustadi na heshima kubwa. Waogesheni wangali hai. Na ninyi watoto wa kiume mlioko Mombasa na Ughaibuni mtakaoyasoma haya, fedha mnazotuma zinafika na zina baraka. Tumeni na siku zenu. Njooni wiki mbili, mchukue kitanda, mumwambie dada yenu aondoke.

Masheikh wetu wameahidi kulisema jambo hili misikitini, na wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu Septemba 2023 wamepewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari, wamekubali kutufundisha namna ya kumgeuza mgonjwa, kumlisha bila kumpalia na kukitambua kidonda kabla hakijafunguka. Viti viwili vya magurudumu vilivyolala stoo za watu vimeshaahidiwa kutolewa viazimwe. Walimu waliopo pia nawaomba: msichana anayekosa shule mara kwa mara, kabla hamjamwadhibu, mfuateni nyumbani mwone huko anamuuguza nani.

Pale mezani, karibu na mlango wa kutokea, pana daftari la kijani na kalamu mbili. Kila mtaa una ukurasa wake. Ukurasa wa Langoni una nyumba tatu mpaka sasa, na moja ni ya mama yule msusi wa mikeka, ambaye siku hizi hashuki ngazi. Mwanawe wa pekee ndiye anayemtazama, naye ndiye yule mliyemfikiria mwanzoni, maana najua wengi wenu mlimfikiria yeye. Zamu yake ya kwanza ni Jumatatu baada ya alasiri. Nimeandika jina langu. Pamebaki nafasi nne.